Mwanamke Asiye na Kwao: Suria, Huru na Makimbilio Yao katika Kengeja ya Pemba

Mwanamke apigwaye na mumewe katika pwani ya Waswahili huulizwa kwanza neno moja, nalo ni hili: kwao wapi? Swali hilo si la kupekua nasaba wala si la udaku. Ni swali la makimbilio. Mwenye kwao hukunja nguo zake, akamtwaa mtoto wake mdogo, akaenda. Jambo hilo lina jina lake, kwenda kwao kwa hasira. Mume akimtaka mkewe hana budi kuwafuata wazee wake, akae jamvini asemwe, atoe ahadi mbele ya watu, na pengine atoe na kitu. Kwao ni mlango wa pili wa nyumba ya ndoa, na mume ajuaye ya kuwa mlango huo u wazi huzuia mkono wake hata siku mke asipoutumia.

Basi historia ya mateso ya wanawake haiwezi kuandikwa kwa kuitazama fimbo peke yake. Yapasa kutazamwa pia njia itokayo nyumbani, inafika wapi, na nani amesimama mwisho wake. Na hapo ndipo penye tabu kwa mwanamke wa kuja, aliyetoka mbali, asiyekuwa na baba wala kaka upande huu wa bahari. Kisiwa cha Pemba, hasa kusini yake, kinafaa sana kwa uchunguzi huu, kwa sababu katika nusu ya pili ya karne ya 19 kilipokea wanawake wengi wa namna hiyo kwa muda mfupi, nao hawakuja kwa hiari yao.

Kengeja ni mji wa kusini mwa Pemba, katika Wilaya ya Mkoani ya leo, jirani na Mwambe na Kiwani. Watu wake tangu zamani ni wakulima na wavuvi, na nyumba zake hazikuwa za kifalme. Hilo yafaa likumbukwe, kwani habari nyingi zilizoandikwa juu ya masuria zinatoka katika majumba ya Unguja. Bibi Salme binti Said, ambaye Wazungu walimjua kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka wa 1886, na mama yake mwenyewe alikuwa suria wa Kicherkasi katika nyumba ya Seyyid Said. Seyyid Barghash naye alizaliwa na suria wa Kihabeshi. Msomaji wa habari hizo aweza kudhani ya kuwa suria ni mwanamke wa hariri na udi. Katika shamba la Pemba suria alikuwa mtu mwingine. Alilima muhogo, aliteka maji, alichambua karafuu, kisha usiku akaitwa ndani. Kwa macho ya jirani hakutofautiana sana na mke, na kwa macho ya sharia alitofautiana naye katika kila jambo.

Sababu ya wanawake hao kuletwa Pemba kwa wingi inajulikana. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa ilipiga Unguja ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Pemba ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye ardhi katika Pemba, Mwarabu na Mpemba, mkubwa na mdogo, akataka kupanda. Mwaka uliofuata, tarehe 5 Juni 1873, Seyyid Barghash alitia mkono mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Yaani haja ya watu ilizidi wakati ule ule ambapo njia ya kuwapata ilizibwa. Lililotokea ni magendo. Pemba ina hori nyingi na visiwa vidogo vingi, na majahazi yalijua pa kuingia usiku. Manowari ya Kiingereza iitwayo London iliwekwa Unguja kuyawinda, na Kapteni Brownrigg aliyeiongoza aliuawa karibu na Pemba Desemba 1881 alipolikabili jahazi moja. Waliofichwa ndani ya majahazi hayo wengi walitoka nchi za ziwa Nyasa na Wayao kwa njia ya Kilwa, na wengine walitoka Uzaramo au mbali zaidi, Manyema.

Lugha iliwapokea watu hawa kwa neno ambalo leo hutumika kwa maana nyingine. Mtumwa mpya aliyeletwa kutoka bara aliitwa mjinga, na kamusi za karne ya 19, kama ile ya Askofu Steere, zaiandika maana hiyo wazi. Mzalia ndiye aliyezaliwa pwani, ajuaye lugha na adabu. Kwa hiyo ujinga haukuwa upungufu wa akili. Ulikuwa ni ugeni. Mjinga ni yule asiyejua nani wa kumwendea. Hata majina waliyopewa wanawake, kama Faida, Bahati au Zafarani, yalikuwa majina ya kheri na ya vitu vizuri, na hayakumtaja baba.

Sasa na itazamwe sharia, kwani hapo ndipo tofauti ya mke na suria inapojitokeza, na inajitokeza kwa namna isiyotazamiwa.

Mke katika Pemba, ambako wenyeji wengi ni Mashafii na Waarabu wa Oman ni Maibadhi, alikuwa na haki zake: mahari, chakula, nguo, nyumba, na mlango wa kadhi. Mume akimdhuru, sharia ilimtaka kadhi amkanye, na akirudia amtie adabu. Ugomvi ukizidi, Sura ya Nisaa imeamuru wapelekwe waamuzi wawili, mmoja katika jamaa za mume na mmoja katika jamaa za mke. Mke aliyechoka kabisa aliweza kujivua, yaani kununua talaka yake kwa kurudisha mahari au kutoa mali nyingine, mume akikubali. Kadhi aliweza kuivunja ndoa kwa baadhi ya sababu, na iliyo wazi zaidi kwa Mashafii ni mume kushindwa kumlisha mke. Ukatili peke yake haukuwa sababu nyepesi ya kuvunjia ndoa katika madhehebu hayo.

Mtu akiyatazama haya yote ataona ya kuwa karibu kila dawa imechanganywa na jamaa. Mwamuzi wa mke atoke kwao. Mali ya kujivulia hutoka mara nyingi kwa baba au ndugu. Walii aliyemwoza ndiye atakayemsemea. Wanazuoni wa Kishafii hawakulisahau jambo la mwanamke asiye na jamaa: walisema kuwa ujamaa wa waamuzi ni jambo lipendezalo tu, si sharti, na kwamba asiye na walii, mwenye mamlaka ndiye walii wake, yaani kadhi. Lakini kadhi alikaa mbali, na mtu asiyemjua hawezi kuwa baba.

Suria hakuwa na lolote katika hayo. Hakupewa mahari, hivyo hakuwa na cha kurudisha. Hakuolewa, hivyo hapakuwa na ndoa ya kuvunja wala talaka ya kutoa. Alikuwa milki. Kinga yake moja kubwa ilikuwa tumbo lake. Akimzalia bwana wake mtoto, na bwana akamkubali, mtoto alikuwa huru na sawa na watoto wa mke, na mama hakuweza kuuzwa tena. Bwana akifa, alikuwa huru. Kwa hiyo suria asiyezaa alikuwa dhaifu kuliko watu wote wa nyumbani, na suria mwenye mtoto alikuwa na jambo moja la kungojea, nalo ni mauti ya mwenye kumpiga.

Katika hali hiyo ndipo ilipotoka Amri ya tarehe 6 Aprili 1897, ambayo Seyyid Hamoud bin Mohammed aliitoa kwa kusukumwa na Waingereza. Amri hiyo haikuwaacha watumwa huru kwa siku moja. Iliondoa hadhi ya utumwa mbele ya korti, hata mtumwa atakaye uhuru aende kuudai, na bwana wake alipwe fidia na Serikali. Masuria walitengwa. Kwa mujibu wa Amri, walihesabiwa kuwa watu wa ndani kama wake, wabaki katika hali yao. Ila suria akidai kuachana na bwana wake kwa sababu ya ukatili, na madai yake yakathibiti, aachwe huru. Na yule asiyezaa aliweza kukombolewa kwa idhini ya korti.

Sir Arthur Hardinge, Balozi wa Kiingereza, aliutetea utengo huu kwa kusema kwamba masuria wakifunguliwa wataingia katika umalaya na nyumba za Waislamu zitavurugika. Wapinzani wa utumwa katika Uingereza walimkabili kwa maneno makali. Pande zote mbili zilisema mengi juu ya heshima ya wanawake hao, wala hazikumwita hata mmoja wao aseme mwenyewe.

Hata hivyo neno moja katika Amri hiyo ni la ajabu, nalo halikutiliwa mkazo wa kutosha. Ukatili wa ndani ya nyumba ulifanywa kuwa sababu kamili ya kutengana, kwa amri ya korti, bila ya mwanamke kulipa kitu na bila ya mwanamume kukubali. Mke mwungwana wa Kishafii hakuwa na mlango mpana kama huo. Kwa karatasi, basi, tangu 1897 mwanamke mnyonge kuliko wote katika Kengeja alikuwa na haki ambayo bibi yake, mke wa ndoa wa nyumba ile ile, hakuwa nayo.

Kwa karatasi. Yataka kuifuata haki hiyo kwa miguu ili kujua uzito wake. Korti na maofisa wa Serikali walikuwa Chake Chake, na kutoka Kengeja hiyo ni safari ya siku kwa mtu wa kutembea. Suria aliyetoka alfajiri alikuwa amekwisha kuhesabiwa mtoro kabla hajafika. Akifika alitakiwa athibitishe. Mambo ya ndani hushuhudiwa na walio ndani, nao ni bwana, mke wa bwana, watoto wa bwana, na watumwa wengine ambao jioni watarudi kula katika nyumba ile ile. Kovu lilionekana, lakini bwana aliweza kusema kuwa alimtia adabu, na mpaka wa adabu na ukatili haukuandikwa katika Amri.

Na kama alishinda? Kifungu kingine cha Amri kilimtaka kila aliyetambuliwa kuwa huru aonyeshe kwamba ana makao maalumu na njia ya kujilisha, la sivyo atangazwe mzururaji. Hapa Serikali ya Kiingereza, bila ya kujua, ililiuliza swali lile lile la wazee wa pwani: kwao wapi? Mwanamke aliyedai kuwa hana pa kukaa salama aliamriwa aonyeshe pa kukaa.

Jibu moja lilitolewa na misheni. Mwaka wa 1897 Marafiki, yaani Quaker, walimpeleka Theodore Burtt Pemba, wakanunua shamba la Banani karibu na Chake Chake, wakawapa mahuru kazi ya ujira na nyumba. Henry Stanley Newman aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake kiitwacho Banani, kilichochapishwa 1898. Misheni iliwasaidia watu wa kweli katika shida ya kweli, na Marafiki ndio waliopiga kelele bila ya kuchoka juu ya masuria waliosahauliwa na Amri. Lakini kimbilio lake lilikuwa na bei. Mwanamke Mwislamu aliyehamia shamba la misheni aliondoka Kengeja, na pamoja na Kengeja aliwaacha watu wachache aliokwisha kuwazoea, na desturi alizojifunza kwa tabu ili asiitwe mjinga. Si ajabu kwamba wengi wa mahuru wa Pemba walibaki katika mashamba waliyoyajua, kwa mapatano mapya na mabwana wa zamani.

Waliobaki waliishi kwa msaada wa nani? Swali hili ni gumu kuliko la sheria, kwa sababu msaada wa wanawake kwa wanawake hauandikiwi hati. Bi Elisabeth McMahon, katika kitabu alichokitoa mwaka wa 2013 juu ya Pemba baada ya utumwa, alizichungua kesi na mirathi za kisiwa hicho akaonyesha jinsi mahuru walivyojijengea heshima kwa mwenendo wao mbele ya majirani, wala si kwa nasaba waliyoikosa. Hapo neno heshima liligeuka. Kwanza lilikuwa la mwenye nguvu, akawa nalo hata mnyonge ajuaye kukaa na watu. Na kukaa na watu, kwa mwanamke wa kuja, kulikuwa ni kujitafutia kwao.

Njia ya kwanza ilikuwa somo na kungwi. Mwanamke aliyezaliwa pwani alipewa somo wake alipovunja ungo, na somo huyo alikuwa mama wa pili, mwenye haki ya kuingia chumbani na kumkaripia mume kwa mambo ambayo mama mzazi huona haya kuyataja. Aliyeletwa mtu mzima hakuwa naye. Lakini hapa wageni hawakuwa wapokeaji tu. Unyago wa pwani, pamoja na ngoma yake ya msondo, umejaa mambo ya Wayao na watu wa Nyasa, na Bi Margaret Strobel katika kitabu chake cha 1979 amelithibitisha kwa Mombasa kuwa ngoma na makungwi wa namna hiyo walitokana na wanawake watumwa. Basi yule aliyeitwa mjinga kwa kutojua adabu za pwani ndiye aliyegeuka mwalimu wa mabinti wa pwani. Kungwi mwenye wari wake wengi alikuwa na nyumba nyingi za kulala.

Njia ya pili ilikuwa maziwa. Wanawake watumwa walinyonyesha watoto wa mabwana, na sharia humfanya mnyonyeshaji kuwa mama katika kuharimisha ndoa, ijapokuwa haimpi mirathi wala uwalii. Dai lake mbele ya kadhi lilikuwa dogo. Mbele ya watu lilikuwa kubwa, kwa kuwa mwanamume wa makamo aliyemwacha mama yake wa kunyonya apigwe mtaani alipata fedheha.

Ya tatu ni pepo. Waandishi wa Kizungu wameiandika Pemba kwa uganga wake hata wakaisahau mikarafuu, na hakuna haja ya kurudia hadithi hizo. Lakini yapasa kusemwa kwamba katika ngoma ya pepo mwanamke asiyeweza kumwambia mume neno huweza kulisema kwa kinywa cha mwingine. Pepo hudai nguo, hudai kupumzishwa, hutaja kosa, na mume husikiliza mbele ya mashahidi. Kuna waliosema kuwa huo ni ujanja tu. Yumkini ni kweli mara nyingine. Lakini palikuwapo mashahidi, na shahidi ndiye aliyekosekana katika korti ya Chake Chake.

Na ya nne, ambayo pengine ilizipita zote, ilikuwa fedha ya karafuu. Wakati wa msimu mchumaji alilipwa kwa pishi, mwanamke kama mwanamume, na kuchambua karafuu na kuzianika jamvini kulikuwa kazi ya wanawake hasa. Baada ya 1897, na zaidi baada ya Amri ya 1909 ya Seyyid Ali bin Hamoud iliyoumaliza utumwa na kuuondoa utengo wa masuria, mwanamke huru aliyechuma misimu michache aliweza kuweka akiba. Akiolewa, na mume akawa mkali, akiba hiyo ndiyo iliyokuwa baba yake na kaka yake, kwani kwayo aliweza kujivua. Kujivua hulaumiwa na baadhi ya watu wa leo kuwa ni kumfanya mpigwaji amlipe mpigaji, na lawama hiyo ni ya haki. Kwa mwanamke wa 1910 asiye na mtu, palikuwa na tofauti kubwa baina ya mlango wa kulipia na kukosa mlango.

Yabaki jambo la uwalii, nalo ni chungu. Mtumwa akiachwa huru na bwana wake, sharia huweka kifungo baina yao kiitwacho walaa. Mwanamke huru asiye na jamaa, aliyemwacha huru ndiye walii wake wa kumwoza. Na akifa bila ya warithi wa damu, huyo au wanawe wa kiume ndio wamrithio. Kwa hiyo aliyemkimbia bwana aliweza kumkuta tena mlangoni siku ya kuolewa, na watoto wa bwana wakawapo siku ya kuzikwa, wakihesabu mikarafuu yake. Uhuru uliotolewa na korti badala ya bwana ulileta mabishano: je, walaa upo hapo au haupo? Mabwana walisema upo, kwani mtumwa alikuwa wao na fidia ni bei tu. Upande wa pili ulisema bwana aliyelipwa fedha hakuacha huru mtu.

Wajukuu wa wanawake hawa hawatambulikani leo katika Kengeja. Walizaliwa na baba wa pale, wakasema Kipemba cha pale, na katika miaka ya 1920 na ya 1930, watu wa asili ya utumwa katika visiwa vyote viwili walipojiandikisha upya kwa makabila ya wenyeji, Shirazi likiwa mojawapo, nao wakaingia humo. Mjukuu akiulizwa kwao, hutaja Kengeja bila ya kufikiri. Bibi yake alihitaji umri mzima ili jibu hilo lipatikane.

Baadhi ya mabibi hao walijua la kufanya na walaa. Sharia haimzuii mtu kutoa hiba akiwa hai na mzima, wala haimzuii kuusia theluthi ya mali yake kwa asiye mrithi. Mwanamke mwenye mikarafuu 9 aliweza kuusia 3, na watoto wa bwana wasiwe na la kusema. Theluthi hiyo aliweza kumwandikia shoga, au somo, au mtoto wa jirani: yule aliyemfungulia mlango usiku alipobisha.